Mali Bila Daftari

Ewe msomaji kijana, ukipanda kilima cha Buyangu, kaskazini ya msitu wa Kakamega, utaona miti mpaka upeo wa macho. Wengi wakiitazama huona mbao na kuni. Wachache huikumbuka mizizi ya dawa, kama mukombero. Mimi nadai kwamba wote wameusahau udongo wanaoukanyaga.

Ushahidi ninao. Yapata mwaka wa 1970, katika udongo wa shamba la kahawa huko Ruiru, karibu na Nairobi, wataalamu wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani walipata bakteria wa jamii ya Aktinoplanesi. Kiumbe huyo mdogo hutengeneza akabosi, dawa ya kisukari iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1990.

Siri ya dawa hii ni kuiga. Ugali tulao ni wanga, yaani mnyororo wa sukari. Vimeng'enya vya utumbo huukata mnyororo huo, na sukari huingia damuni. Akabosi imefanana na mnyororo huo, ila mahali pa kukatwa pana naitrojeni badala ya oksijeni. Kimeng'enya huishika kwa kuidhania chakula, kisha hushindwa kuikata. Hivyo wanga wa kweli huchelewa kukatwa, na sukari huingia damuni polepole.

Wako wasemao, "Tuliibiwa!" Ni kweli kwamba siku hizo hapakuwa na mkataba wa kumlinda mwenye udongo. Mkataba wa Bayoanuwai ulikuja mwaka 1992, na kanuni za Kenya za kugawana faida mwaka 2006. Mwenye udongo alistahili fungu lake, na kulinyamazia jambo hilo ni woga. Lakini kilio peke yake hakigundui dawa. Sheria ni kufuli. Kufuli halimwambii mwenye nyumba kilichomo sandukuni. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Buyangu ni kemia na bayolojia, masomo yale yale unayoyakimbia kwa kuwa ni magumu.

Usiniambie kuwa elimu hiyo ni ya wageni. Udongo wa Ruiru haukumchagua Mjerumani; ulimjibu aliyeuliza. Basi uliza wewe, tena uulize mapema, kwa maana msitu uliofyekwa haujibu swali la mtu.