Mama hakuharibu kikaango

Kuna kauli inayosemwa sana majumbani mwetu kila Desemba, watoto wanaporudi kutoka mjini. "Mama, na hiki nacho umeshakiharibu?" Mtoto amesimama jikoni, ameshika kikaango cha nonstiki alichokileta mwaka juzi, katikati kimebanduka mpaka alumini inang'aa. Mama anatafuta la kujibu, anaona haya kama aliyevunja chombo cha jirani. Kisha mtoto anaenda dukani kununua kingine cha aina ileile, rangi nyingine tu, anamkabidhi mbele ya wajukuu, na wote wanapiga makofi.

Nasema bila kumung'unya maneno: mama huyo ameonewa. Kikaango kile kilikuwa kimekwisha kufa siku kilipochaguliwa, kwa sababu aliyekichagua hakujiuliza kinakwenda kukaa juu ya moto gani.

Ule utando mweusi unaotelezesha mayai ni aina ya plastiki iitwayo PTFE. Aliupata kwa bahati Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont huko New Jersey, Marekani, tarehe 6 Aprili 1938, akiwa anatafuta gesi ya majokofu. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire alipata njia ya kuugandisha kwenye alumini, na miaka miwili baadaye kampuni ya Tefal ikaanza. Chombo hicho kilibuniwa kwa majiko ambayo mpishi anazungusha kitufe na moto unapungua papo hapo. Utando wa PTFE huanza kuharibika joto linapopita nyuzi 260. Makaa yaliyoshika vizuri kwenye jiko letu hupita nyuzi 600. Hapo hata mpishi mwangalifu kuliko wote atafanya nini? Hakuna kitufe cha kuzungusha. Anaweza kupunguza makaa kwa koleo, au kuinua kikaango akishike hewani huku vitunguu vinaungua. Ndivyo wanavyofanya mama zetu, halafu tunawasema.

Joto likizidi, utando hutoa moshi. Moshi huo huua kasuku na ndege wengine wa kufugwa ndani, na mtu akiuvuta wa kutosha hupata homa na kifua kubana, hali inayofanana na mafua. Jikoni mwenye dirisha moja dogo, na mtoto mgongoni, jambo hilo si la kupuuza hata kidogo.

Ndiyo maana nasema kabla hujagusa pochi, omba uoneshwe kikaango cha zamani. Kigeuze. Kitako kikiwa na masizi mpaka ubavuni na mpini umeungua upande mmoja, kimeishi kwenye mkaa au kuni, na ukileta nonstiki nyingine unarudia kosa lilelile. Kikiwa kimebanduka duara katikati tu huku pembeni ni kizima, moto ulikuwa mkali na bati lilikuwa jembamba. Ukiona mistari mirefu kama ya kucha, kuna upawa wa chuma humo ndani, au stilwaya ya kuoshea. Kiweke juu ya meza na ukibonyeze ukingo. Kikicheza, kitako kimepinda, na kwenye jiko la umeme la bamba bapa chombo kama hicho kinapata moto nusu na kuungua nusu. Nusu dakika ya kukitazama inakuambia mengi kuliko muuzaji yeyote wa Kariakoo.

Na huyo muuzaji tumzungumze. Ana jiko dogo la gesi juu ya meza, moto umewekwa chini kabisa, kikaango kimetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Anavunja yai bila tone la mafuta, anatikisa mkono, yai linateleza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na watu wanaguna kwa mshangao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kikaango chochote cha nonstiki, cha bei yoyote ile, hutelezesha yai siku ya kwanza. Kama anajiamini, alete kilichotumika miezi sita nyumbani kwake, akivunjie yai hadharani.

Kisha ananyooshea kidole boksi: "Hakina PFOA." Maneno hayo yameandikwa kwa herufi kubwa za kijani, na wanunuzi wanayasoma kama cheti cha daktari. PFOA ni kemikali iliyotumika viwandani wakati wa kutengeneza PTFE. Wakazi wa Parkersburg, West Virginia, na vijiji vya jirani waliinywa miaka mingi ndani ya maji yao bila kuambiwa, kutoka kiwanda cha DuPont. Ng'ombe wa mfugaji mmoja aitwaye Wilbur Tennant walikufa mmoja baada ya mwingine, na mwanasheria Rob Bilott akaishitaki kampuni mwaka 1999. Kufikia 2012 jopo la wanasayansi lilikuwa limeihusisha kemikali hiyo na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 DuPont na kampuni iliyozaliwa kutoka kwake zilikubali kulipa dola milioni 671. Mwaka 2019 Mkataba wa Stockholm ukaiweka PFOA kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani.

Kwa hiyo kiwanda kinachojisifu leo kwamba hakitumii PFOA kinajisifu kwa kuacha jambo lililokwisha kukatazwa. Boksi halikuambii ni kemikali gani iliyochukua nafasi yake. Halikuambii unene wa bati. Mara nyingi halikuambii hata kama utando wenyewe ni PTFE au ni ule unaoitwa wa kauri, ambao unastahimili joto zaidi lakini hupoteza utelezi mapema. Nataka mashirika ya viwango, TBS na KEBS, yalazimishe mambo haya matatu yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za kijani: utando ni wa nini, joto la mwisho ni nyuzi ngapi, na chombo kinafaa jiko gani. Anayenunua dawa ya mbu anapata maelezo zaidi ya anayenunua chombo cha kulishia watoto wake.

Siwaambii watu waitupe nonstiki. Kwa mzee anayepika kwa gesi, moto wa chini, mayai na samaki wa kupasha, asiyeruhusiwa mafuta mengi, ni chombo chema. Mnunulie kimoja, kizito mkononi, mpini uliofungwa kwa ribiti badala ya skrubu moja inayolegea. Pima kitako, maana ile sentimita 28 ya kwenye boksi ni ya mdomo, na kitako kinaweza kuwa kidogo kuliko hapo kwa sentimita kadhaa. Kama jiko lake ni lile la umeme la induksheni, nenda dukani na sumaku. Isiponasa chini, rudisha. Mpe na mwiko wa mbao na sponji laini, kisha mwambie ukweli kwamba hata kikitunzwa vizuri kitachoka baada ya miaka michache na utamletea kingine bila lawama.

Anayepikia mkaa mletee chuma. Kile cheusi kizito, ndugu wa chuma cha chapati. Unakipaka mafuta kidogo, unakichoma mpaka kinashika weusi, unarudia mara kadhaa, na kadiri kinavyopikiwa ndivyo kinavyoacha kung'ang'ania chakula. Upawa wa chuma haukitishi, moto haukiui, na mjukuu atakirithi. Ila usimletee kile cha alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu kwa sababu tu kinafanana nacho. Vyombo vya aina hiyo vimepimwa katika nchi kadhaa na vingine vikakutwa na madini ya risasi.

Lakini wanaonitia hasira kuliko wote ni sisi wa kamati za kichen pati. Tunachangishana miezi mitatu, tunanunua seti ya vipande kumi yenye mifuniko ya vioo, MC anaitangaza, mashangazi wanaicheza ngoma, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwali atapikia nini huko aendako. Anaingia kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye jiko la mkaa barazani, na vipande saba kati ya kumi vinakaa chini ya kitanda. Kamati inayokaa wiki hii imuulize swali hilo kabla ya kuorodhesha chochote. Fedha ya seti ile inatosha kikaango kimoja cha kweli na mwiko wa mninga, na itakayobaki imjazie mtungi wa gesi.