Msituambie Mistari Iliyopauka Ndiyo Asili

Nimechoka na watu wanaopenda mashua zetu zikiwa zimechakaa. Mnajijua. Mnakuja Lamu siku nne, mnapiga picha ubavu wa mashua ambao mstari wake wa kijani umepauka hadi umefanana na maji ya kuoshea brashi, mnaongeza filta upauke zaidi, halafu chini mnaandika "asili". Mioyo inamiminika. Kwenye picha hiyo hiyo mimi naona msumari unaochuruzika kutu, na mahali ambapo maji ya mvua yameshapata njia.

Picha zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hilo neno asili, manake sasa limeanza kulipiwa pesa, na likishalipiwa linageuka amri. Ami yangu ana mashua iliyonizidi umri. Msimu uliopita alikuwa ametenga hela za kuipaka mistari upya. Kampuni moja inayomkodi kwa ajili ya wageni ikamwambia asubiri kwanza. Wageni, eti, wanapenda mashua iliyoliwa na chumvi. Ikipakwa rangi mpya inaonekana ya juzi. Ami si mtu wa kubishana na anayemlipa. Akaiacha. Mwaka huu ubao wa pili kutoka juu, upande wa omo, ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea. Ubao mpya, misumari na siku za fundi, bili hiyo ni ya nani? Waliopenda chumvi walisharudi makwao.

Sasa sikizeni, manake hapa watu wengi wanapotea. Rangi ya mbao ni ngozi. Jua la huku linavunja kile kinachoishikilia rangi, kinabaki kiunga. Pitisha kidole kwenye mstari uliopauka uone kinavyotoka cheupe. Rangi ikifika hapo haizuii tena maji. Na adui wa mbao zilizo juu ya maji si bahari kama mnavyodhani. Maji ya chumvi hayaozeshi ubao haraka kama maji matamu. Ni mvua ya masika inayoingia kwenye maungio, kwenye vichwa vya mbao na kwenye matundu ya misumari, ikatulia humo. Mstari uko palepale mvua inapoteremkia, chini ya ukingo wa juu. Kwa hiyo mnapotuomba tuache mstari ukae ulivyo, mnatuomba tuache mlango wazi.

Na mstari una kazi nyingine. Simama gatini Lamu jioni, utazame mkondo kati yetu na Manda. Mashua zinazorudi zote zina tanga la pembe tatu, zote zimekaa karibu umbo moja. Jina lililoandikwa huwezi kulisoma ukiwa mbali hivyo. Unachoona ni rangi: bluu juu ya nyeupe, ile ya fulani, nyekundu yenye ukanda mweusi, ile nyingine. Anayengoja mtu wake kutoka baharini hungoja rangi. Ukiziacha zote zipauke, zinakuwa kijivu kimoja, ambacho kwenye picha kinapendeza sana, nakubali. Lakini sisi hatuishi kwenye picha.

Kuna na hili la ufundi, ambalo hamjawahi kuliuliza kwa sababu mnadhani kupaka mstari ni kazi ya mtoto na brashi. Mashua husubiri maji ya bamvua ili ipandishwe juu kabisa, iegemezwe kwa magogo. Huoshwa kwa maji matamu, manake rangi haikai juu ya chumvi. Halafu kukwangua na msasa, tena msasa wa maji na kitambaa puani, kwa kuwa rangi za zamani zina risasi na vumbi lake ni sumu. Palipomwagikiwa sifa, yale mafuta ya papa, lazima pafutwe kwa thina hadi harufu iishe, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Maungio yaliyofunguka hupigwa kalafati upya, pamba ikapigiliwa ndani, ndipo puti ije juu. Chini, kunakozama, hupakwa shahamu na chokaa, hiyo ni habari nyingine.

Baada ya hayo yote ndipo mstari wenyewe. Ubavu wa mashua umepinda. Umejaa katikati, umeinuka mbele na nyuma. Ukivuta uzi ulionyooka, umeshaharibu. Fundi huchukua ufito mwembamba unaopindika, akaushikiza kwa vijisumari vidogo kutoka omo hadi tezi, halafu anaondoka. Anarudi nyuma mchangani hatua kama thelathini, anaangalia. Anarudi, anaushusha kidogo hapa, anaupandisha pale. Anarudi tena nyuma. Mara nyingine hilo tu linakula asubuhi nzima. Rula haisaidii sana, kwa sababu mstari wa upana sawasawa kwenye ubao uliolala upande huonekana mwembamba ukiwa mbali. Jicho ndilo linaloamua. Na rangi haipakwi jua likiwa la utosi, manake ngozi ya juu hukauka kabla ya ndani, ikatoa malengelenge.

Hiyo kazi yote ndiyo mnayoiita kuharibu asili. Mimi naiita asili yenyewe. Kijana asiyewahi kushika ule ufito na kutumwa "nenda nyuma uangalie" hatajua kuupinda siku fundi atakapokuwa hayupo. Mashua isipopakwa miaka mitatu, si rangi peke yake inayopotea.

Najua mtasema rangi mpya inafuta historia. Basi twendeni kwa wenyewe wanaojidai kutunza vya kale. Kule Portsmouth, Uingereza, kuna merikebu ya HMS Victory, iliyoshushwa majini 1765 na kupigana Trafalgar 1805 chini ya Nelson. Ubavu wake ni mistari mitupu, ya njano na nyeusi. Mwaka 2015 waliipaka upya. Na hawakupaka kiholela: waliichunguza rangi ya zamani tabaka kwa tabaka, wakaona ile njano iliyoelekea chungwa ambayo kila mtu aliizoea siyo ya enzi ya vita, wakarudisha ile nyepesi. Hakuna aliyewaambia waache meli ya Nelson ipauke ili wageni wahisi chumvi. Heshima kwao ilikuwa ni kupaka, tena kupaka sawasawa. Sasa kwa nini chombo cha Mzungu kikitunzwa kinang'aa, na chetu kikitunzwa kinaambiwa kimepoteza ladha?

Hata hapa nyumbani. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kuta zake za mawe ya matumbawe hupigwa lipu ya chokaa upya kila zinapohitaji. Na nyinyi wa Nairobi, nani kati yenu amewahi kumwambia mwenye matatu ya Rongai aache michoro ipauke? Matatu ikichujuka hampandi, mnasema imezeeka. Mnangoja iliyotoka gereji jana. Mashua ndiyo mnayotaka iwe mzee maskini akae kimya apigwe picha.

Nakubali kuna kupaka kubaya. Kuna mashua zimepakwa rangi ya hoteli kutoka juu hadi chini, mstari umenyooshwa kwa tepu kama barabara ya lami, na lile jicho la omo limezibwa kwa sababu halilingani na nembo. Hiyo nami inanichoma. Lakini dawa ya fundi mbaya ni fundi mzuri. Na iliyo ndani ya jumba la makumbusho iachwe na rangi yake. Hiyo haitaingia tena baharini na mtoto wa mtu ndani.

Kwa hiyo mkija, ulizeni mashua iliyopakwa mwaka huu, mpande hiyo. Na kampuni zinazouza machweo kwa kila kichwa ziweke pesa ya rangi ndani ya mkataba, ilipwe kabla ya msimu kufunguka, si baada. Rangi haipakwi kwa ahadi.

Ami keshanunua makopo yake. Safari hii kaacha kijani, kachukua bluu, anasema inaonekana vizuri zaidi magharibi ikiingia. Ubao ule ushatolewa, mpya ushapigiliwa, anangoja bamvua ijayo. Ile kampuni imeshapiga simu mara mbili kuuliza kama itabaki vilevile.

"Waambie waje waione," kaniambia, na akanituma msasa.