Fungu la Utafiti wa Bahari Litoke Kwetu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka Darajani anaifuata methali hii kila jioni; lakini bahari, ambayo ndiyo duka kubwa kuliko yote visiwani, tumeridhika kuichota bila kuandika.

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 476,111 Unguja na Pemba. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu wamekuwa karibu mara nne, na miamba ya Menai na Misali ni ile ile. Hesabu ya watu tunaigharamia kila baada ya miaka kumi, wala hakuna anayenung'unika. Pweza haishi hata miaka miwili. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake pangoni, na yakishaanguliwa hufa. Anayemchoma mkuki kabla ya hapo ameua kizazi kizima. Ndugu zetu wa Kisiwa Panza na Kizimkazi wameukubali mpango wa kuufunga mwamba kwa muda ili pweza akue, na wanastahili sifa. Lakini mwamba ufungwe mwezi gani, na kwa muda gani? Hilo halijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa kupima, msimu hata msimu, kusi na kaskazi.

Yapo pia yasiyofika mnadani kabisa. Bwana diko huandika kinachoshuka kutoka chomboni. Mama aliyeokota chaza na kombe wakati wa bamvua hupitiliza jikoni kwake, na chakula hicho cha maelfu ya nyumba hakimo katika daftari lolote la diko.

Tutazame mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kotonii, yenye bei nzuri, ilianza kufa maji ya kina kifupi yalipozidi joto, na wengi wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Watafiti wakishirikiana na akina mama hao walipata njia: kotonii ipelekwe kwenye kina zaidi. Lakini huko kwataka mashua na kujua kuogelea, na mkulima aliyezoea kulima maji yakitoka hana mashua. Elimu imepatikana, fedha za kuifikisha kwa mwenyewe hazikutosha.

Utafiti wa namna hii umetegemea mno wafadhili. Hatuwabezi, na msaada wao tunaushukuru. Ila kila mradi huja na tarehe yake ya kumalizika, na joto la bahari halina tarehe hiyo. Tena tulikwisha kuonywa. Shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa uvuvi wa baharini lilikuwa na makao yake hapa hapa Unguja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, nalo likaondoka nayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoiokoa kazi hiyo kwa kuanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari mwaka 1978.

Wapo watakaosema hospitali na madarasa kwanza. Tunawauliza: mtoto aliyekosa kitoweo nyumbani, ataingia darasani na nini?

Mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Jina ni zuri, nasi tunataka lilishwe. Sehemu maalumu ya ada za leseni za uvuvi, ya mapato ya mwani na ya malipo ya watalii wanaopiga mbizi katika miamba yetu itengwe kwa sheria, iende moja kwa moja katika utafiti, na Baraza la Wawakilishi lisomewe kila mwaka imetumikaje. Bwana diko apewe mizani iliyo sahihi. Na kila kinachogunduliwa katika maji ya kijiji kisomwe dikoni, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi na waokota chaza, kabla ya kusafirishwa kwenye mikutano ya ng'ambo.