MGENI NJOO, MWENYEJI APONE?



Kila apandaye jukwaani siku hizi hutusifia mtaji wa kigeni kana kwamba ni mvua, ikinyesha popote majani huota. Kabla hatujapiga makofi, natuitazame Same, chini ya milima ya Upare, ambako mtaji huo una zaidi ya miaka mia.

Zama za Wajerumani fedha za Ulaya zilileta mkonge na reli. Kufika 1912 treni kutoka Tanga zilikwisha kuingia Moshi. Mashine zilitoka ng'ambo, katani ikarudi huko huko. Mtaji ule haukununua kwa mwenyeji kitu ila jasho lake, na jasho pekee halijengi karakana.

Lakini katika wilaya hiyo hiyo, Makanya, huchimbwa jasi. Saruji isiyotiwa jasi huganda upesi mno. Kwa hiyo kiwanda cha saruji, hata kiwe cha mgeni, kinaponunua jasi ya Makanya, humpa mchimbaji sababu ya kununua zana, na mwenye lori sababu ya kuongeza la pili. Hapo fedha ya mgeni huiamsha fedha ya mwenyeji badala ya kuifukuza.

Basi hatuulizi fedha imetoka wapi. Twauliza inanunua kwa nani, na sheria yampendelea nani. Sheria ya Uwekezaji ya Bara ya 2022 ilimtaka mgeni dola 500,000, na mwananchi dola 50,000, ili apate cheti chenye nafuu za kodi. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba, atakaye mashine moja ya kukaushia, azitoe wapi dola hizo? Mkubwa hupunguziwa, mdogo hulipa kamili, kisha huambiwa washindane!

Nasi visiwani tujipime kwa kipimo hicho. Hoteli ya Nungwi inunuayo samaki wa mvuvi wetu na vitanda vya seremala wetu humfanya kila mmoja atie akiba yake kazini. Hoteli iagizayo hata kitunguu kutoka nje humwachia ufagio tu.

Twadai mambo mawili: kila kibali cha mwekezaji kiandikwe atanunua nini kwa wenyeji, na kisomwe hadharani, na nafuu apewayo mgeni kwa hoteli, apewe mvuvi kwa mashine ya boti.

Wahenga walisema mwenyeji apone. Hawakusema apishe.