Si Suala la Kusahau

Anadai mwandishi gazetini kwamba mfugaji wa Garissa, Kenya, hufundishwa leo kujikinga na magonjwa ya mifugo akasahau kesho, kwa hiyo dawa ni semina zaidi. Namkatalia. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ilipozuka huko mwishoni mwa 2006, baada ya mafuriko, wafugaji Wasomali waliona mbu wamezidi, kondoo wanatupa mimba na damu inatoka puani, kabla serikali haijatangaza lolote. Walichokosa ni chanjo na daktari wa mifugo wa karibu. Soko la mifugo likafungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku. Mwenye mbuzi mgonjwa na watoto wenye njaa angefanyaje?

Mafunzo hukaa pale penye kuni za kuchemshia maziwa kila asubuhi, glavu za kumzalishia kondoo, fidia ya mnyama aliyezikwa. Bila hayo mtu atajibu maswali yote ya mkufunzi (posho nayo huchangamsha kumbukumbu), kisha arudi nyumbani anywe maziwa mabichi kama jana. Hajasahau, amepiga hesabu ya alichonacho. Mwandishi aulize basi chanjo ya mvua kubwa ijayo iko ghala gani.