Taa ya Onyo Haizimwi kwa Kung'oa Balbu

Mtu anaponunua pikipiki iliyokwisha kutumika, mara nyingine hukuta kwenye dashibodi taa ya njano isiyozimika. Taa hiyo humwarifu kwamba mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki, ujulikanao kwa herufi ABS, una hitilafu. Hakosekani wa kumshauri aing'oe balbu, mambo yaishe. Maoni yetu ni kwamba ushauri huo unapingana na sayansi na pia na uungwana.

Tuanze na sayansi. Mwanafunzi akivuta kipande cha ubao juu ya meza kwa mizani ya springi, ataona kwamba kani ya kukiondoa mahali pake ni kubwa kuliko ile ya kukiendesha kikisha kuanza kuteleza. Ndivyo lilivyo tairi. Gurudumu linalozunguka hushika barabara, lililokwama huteleza. Likikwama la mbele, pikipiki haiongozeki tena, na aghalabu huanguka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde. Nafasi ya kujirekebisha ni ndogo mno.

Kwa sababu hiyo mtambo huu ulibuniwa, na mwaka 1988 ulianza kuuzwa katika pikipiki za BMW aina ya K100. Penye gurudumu pana pete yenye meno, na kando yake kitambuzi cha kupima mwendo wa gurudumu. Kompyuta ndogo ikiona gurudumu linakaribia kukwama, hupunguza shinikizo la mafuta ya breki na kulirudisha, mara kadhaa kwa sekunde moja. Ikigundua kasoro, mtambo hujitoa kazini na taa huwaka. Katika pikipiki nyingi breki za kawaida huendelea kufanya kazi.

Mara nyingi chanzo ni kidogo: uchafu juu ya kitambuzi, pete iliyopinda, waya uliokatika au betri dhaifu. Kwa hiyo yampasa fundi kwanza asome alama za makosa zilizohifadhiwa katika kompyuta hiyo, kabla ya kununua kifaa chochote. Kadhalika mafuta ya breki hunyonya unyevu, nao huharibu vali na pampu ya mtambo, ambazo ni ghali. Kwa kawaida yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Wengine watasema kwamba wazee wetu waliendesha pikipiki miaka mingi bila mtambo huu. Ni kweli, lakini wao waliijua hali ya vyombo vyao. Hatari kubwa si kuukosa mtambo, bali ni kudhani kwamba upo. Ang'oaye balbu kisha akauza pikipiki, humwuzia mwenzake uongo ambao utagunduliwa siku ya mvua, mbele ya mtoto anayevuka barabara.

Basi mnunuzi afungue ufunguo na kutazama. Taa sharti iwake, kisha izimike pikipiki ikianza kwenda. Taa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka kuliko ile isiyozimika.

Walimu wa fizikia watafanya vyema kulieleza jambo hili katika somo la msuguano, maana miongoni mwa wanafunzi wao wamo mafundi na waendeshaji wa kesho. Mficha maradhi, kifo humuumbua.