Miaka Miwili Haifungi Ndoa

"Ukishamaliza miaka miwili ndani, wewe ni mke halali, hakuna wa kukutoa." Kauli hiyo husikika saluni, husikika kwenye korido za nyumba za kupanga kuanzia Mbagala hadi Tandale, na wanaoitoa wana uhakika kuliko hakimu. Wapo waliokwisha kuishusha hadi miezi sita. Kwa wengi wanaoishi kwa mtindo wa "sogea tukae", hiyo ndiyo sheria ya ndoa ya Tanzania, na kwa kuwa inasemwa kila siku, wachache huuliza imeandikwa wapi.

Wanaume nao wanaiamini, ila kwa kuiogopa. Vijiweni hupeana mbinu: miaka miwili ikikaribia, mtafutie mwenzako safari ya kwao, akae huko wiki tatu, akirudi hesabu inaanza upya. Mwanamke anahesabu ili aingie, mwanamume anahesabu ili asinaswe, na wote wawili wanahesabu kitu ambacho peke yake hakina nguvu wanayoidhania.

Imani hii ni ngumu kuing'oa kwa sababu ina chembe ya ukweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaja kweli miaka miwili. Kinasema kwamba ikithibitishwa kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watu wawatambue kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kuwa walioana kihalali. Lakini dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Mtaa uliokota miaka miwili, ukayaacha hayo mengine yote. Bahati mbaya hayo yaliyoachwa ndiyo yanayoamua kesi.

Kwanza ni neno "ikithibitishwa". Kalenda haimpi mtu ndoa. Anayedai kuwa mke au mume ndiye anayetakiwa kupeleka ushahidi, na ushahidi huo ni watu: mwenye nyumba, majirani, mjumbe wa shina, ndugu wa pande zote mbili, pengine mwalimu aliyezoea kuwaona wazazi hao shuleni. Waulizwe waliwajua hao wawili kama nani. Mwanamume aliyemficha mwenzake kwenye chumba cha pili cha Kimara, asimpeleke kwao hata msibani, anaweza kukaa naye miaka saba na bado ushahidi wa kutambulika ukakosekana.

Pili, dhana inakanushika. Upande wa pili una haki ya kusimama na kueleza kwamba hakukuwa na ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya bomani wala ya kimila, na kwamba wahusika wenyewe walijua hivyo. Hapo ndipo wengi hushangaa. Walikuja mahakamani wakijua wana mali inayongoja kugawanywa, wakakuta ndoa yenyewe ndiyo iliyo kizimbani.

Tatu, kuna ukuta ambao miaka haiuvuki. Mwanamume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine wakati ile bado ipo. Mwanamke aliye kwenye ndoa, ya aina yoyote ile, hawezi kuolewa na mume mwingine. Sheria haiwezi kudhania kwamba ilifungwa ndoa ambayo sheria hiyohiyo inaikataza. Kwa hiyo aliyehamia kwa mume wa mtu mwenye ndoa ya kanisani, hata wakizaa watoto watano na kujenga, hana dhana ya kuisimamia. Na yule dada aliyeondoka kwa mume wa kwanza kwa kufunga mizigo tu, akaanza maisha mapya Mwanza, huenda mbele ya sheria bado ni mke wa mtu. Talaka ya Tanzania Bara hutamkwa na mahakama, na isipokuwa katika hali chache, shauri halifiki huko kabla ya kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kurudishiana vyombo si talaka.

Yote hayo yanahusu Bara peke yake. Zanzibar sheria hii ya 1971 haifiki. Huko Waislamu, ambao ndio karibu watu wote, hupeleka mambo ya ndoa kwa Kadhi. Anayehama Temeke kwenda Mwanakwerekwe akidhani amebeba miaka yake miwili begani ajue imebaki bandarini.

Watetezi wa imani hii, wakiwamo baadhi ya wanaharakati wenye nia njema, husema haina madhara: afadhali wanawake waamini wana haki kuliko waamini hawana. Hoja hiyo ni dhaifu. Imani inayompa mtu usingizi wa bure ina madhara, na madhara yake huonekana siku mwanamume anapofariki. Akiwa hai angeweza kuulizwa, na huenda angekubali kuwa huyu ni mke wangu. Akishazikwa, wanaobaki kuhojiwa ni kaka zake, wengine wakiwa wameshaitazama nyumba. Kikao cha ukoo kinamteua msimamizi wa mirathi, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mwanamke aliyemuuguza marehemu anajikuta hayumo kwenye orodha. Fomu za bima na za mafao nazo zinauliza cheti cha ndoa. Ni wakati huo, akiwa bado kwenye kanga ya msiba, ndipo anapoambiwa akatafute mashahidi.

Upande wa pili nao una uongo wake, na huo unawanufaisha wenye hati: kwamba kama hakuna ndoa, hakuna kitu. Wanaosema hivyo hawajafika mwisho wa kifungu. Kijifungu cha pili cha kifungu cha 160 kinatamka kwamba hata dhana ikikanushwa, mwanamke akiithibitishia mahakama kuwa kweli waliishi kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi, anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine, ikiwamo amri ya nani akae na watoto. Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi katika shauri lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1994. Wawili walikuwa wamepata nyumba wakiishi pamoja. Dhana ya ndoa ilikanushwa, lakini Mahakama ikasema kuwa mamlaka ya kugawa mali waliyoichuma pamoja bado ipo.

Kuchuma pamoja nako kunathibitishwa. Tangu uamuzi wa mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, unaofundishwa katika kila kitivo cha sheria nchini, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja akaikosa mali: Mahakama iliona alikwisha kupewa fedha za kuanzisha mradi, naye hakuzitumia ilivyokusudiwa. Kanuni ikabaki kwa vizazi, mwenye kesi akaenda zake bila fungu.

Kenya nao walikuwa na imani ya jinsi hii hadi Januari 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua mgogoro wa kiwanja cha Dagoretti kati ya watu walioishi pamoja kwa miaka mingi. Majaji walisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana, wakakataa kuitambua ndoa hapo kwa kuwa mwanamke alikuwa na mume mwingine. Hata hivyo waligawa mali kwa kuangalia mchango: yeye asilimia 70, mwanamume 30.

Ajabu ya mambo ni kwamba njia halali si ndefu kama watu wanavyodhani. Wengi huahirisha ndoa kwa sababu ya mahari isiyokamilika, au kamati ya harusi ambayo michango yake haijafika lengo. Lakini kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haiharibiki kwa sababu mila ya mahari haikufuatwa. Ndoa ya bomani inahitaji taarifa ya siku 21, msajili, mashahidi wawili na hiari ya wahusika. Sare za kamati, keki na MC havimo kwenye sheria. Taifa linaloweza kuchangisha mamilioni kwa ajili ya usiku mmoja ukumbini lina ujasiri wa pekee kusema halina uwezo wa kupata cheti.

Serikali nayo haiwezi kujitoa. Sheria hii inayoingia hadi chumbani iliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa nusu karne wananchi waliachiwa wasimuliane kifungu kwa mdomo, na mdomo ukabakiza kile kinachokumbukika kirahisi, yaani namba. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wamejaribu kuziba pengo hilo kata kwa kata. Wao huanza na maswali ambayo saluni haiulizi: kiwanja kina jina la nani, risiti za mabati na saruji anazo nani, mwenzako ana ndoa nyingine, na kwao wanakujua kama nani. Anayeishi "sogea tukae" leo anaweza kuyajibu akiwa na mwenzake mezani, wakati mashahidi bado wako hai na majina ya wote wawili bado yanaweza kuandikwa kwenye hati.